Majini ya Adili Hayana Kosa

Katika kikao cha wazazi wa shule moja ya hapa Moshi, mzee mmoja alisimama akataka kitabu cha Adili na Nduguze kiondolewe mikononi mwa watoto. Sababu yake ni kwamba mna majini, na binadamu hugeuzwa manyani. Alipigiwa makofi. Natamka wazi kwamba makofi yale yalikuwa ya upofu.

Kuchuja vitabu vya watoto si dhambi. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu kadhaa shuleni kwa sababu za maadili. Lakini mchujaji hana budi kujua anachokichuja.

Hao wanaoogopa majini walilelewa wapi? Kando ya meko ya Machame, Marangu na Old Moshi watoto walisimuliwa habari za Irimu, zimwi mla watu. Walisimuliwa habari za Mrile, aliyelificha tunguu la magimbi likageuka mtoto, mama yake akamwua mtoto huyo, naye Mrile akapaa mbinguni juu ya kigoda cha baba yake, akawafundisha watu wa huko kuwasha moto. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alizikusanya hadithi za Wachagga na kuzichapisha kwa Kijerumani mwaka 1914. Mchungaji aliyekuja kuhubiri Injili hakuziogopa. Wajukuu wa wasimulizi ndio wanaomwogopa jini wa Shaaban Robert!

Na jini huyo anafanya nini? Katika kitabu hicho cha mwaka 1952, Hasidi na Mwivu wanatapanya urithi wao, kisha wanamtosa baharini ndugu yao aliyewafadhili. Jini Huria anamwokoa Adili na kuwageuza wale wawili kuwa manyani. Huo ndio uchawi wote unaolalamikiwa: wivu umevuliwa nguo, mtoto akauona sura yake.

Mtoto wa mlimani anaijua sura hiyo. Kwa desturi kihamba cha baba huachiwa kitinda mimba, na wa katikati huambiwa wajitafutie. Vihamba vimegawanywa hata migomba ya huyu inaangukia kahawa ya yule, na ndugu waliotoka tumbo moja hukutana mahakamani. Watoto wao huyasikia hayo usiku kupitia ukutani. Tukiwanyima Hasidi na Mwivu, tutawapa maneno gani ya kuyaelezea?

Kinachonitia shaka mimi ni mjeledi. Adili ameamriwa awachape nduguze kila usiku. Huwachapa, kisha huwabembeleza na kuwalisha huku akilia. Mtoto wa darasa la pili anayepigwa nyumbani aweza kudhani kwamba kipigo cha namna hiyo ndicho upendo. Kwa hiyo asipewe huyo. Apewe wa darasa la sita, na mwalimu asimame kwenye kurasa hizo, aulize kwa nini Mfalme Rai aliona vema kuwaombea manyani wale msamaha.

Baada ya kikao nilimkuta yule mzee akingoja gari la Kibosho. Nikamwamkia, nikamwuliza ni sura ipi iliyomchukiza zaidi.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikukisoma. Niliambiwa."