Si Suala kwa Nani?

Tarehe 25 Julai 2015, mbele ya mgeni wake Rais Obama, Rais Uhuru Kenyatta alitamka kwamba haki za wapenzi wa jinsia moja si suala kwa Wakenya, na hata leo wako waandishi waiitikiao kauli hiyo kana kwamba ni hoja iliyokwisha thibitishwa.

Suala ni bei ya unga, husema, nami sikatai. Walakini hapa Rhonda, Nakuru, ambapo vyumba vya mabati vimepakana hata kikohozi cha jirani twakijua ni cha nani, kijana atakaye kumwambia mamaye kwamba anapenda wa jinsia yake sharti kwanza ampime asikilizaye ng'ambo ya ukuta, kisha akumbuke kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu na miaka yake 14 ya gereza.

Na Nakuru hii ndiyo iliyomzaa mwandishi Binyavanga Wainaina, ambaye mamaye alikuwa na saluni papa hapa mjini. Fundi huyo wa maneno, asiyeshindwa na sentensi yoyote, alingoja hadi Januari 2014, siku ya kutimiza miaka 43, ndipo akamwandikia siri yake mama aliyefariki mwaka 2000, akijiwazia kando ya kitanda cha mamaye hospitalini, ambacho kwa hakika hakuwahi kukifikia. Jambo lisilo na uzito halimfumbi mtu kinywa mpaka wazazi wote wawili wawe kaburini.

Binyavanga naye akafariki tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ikakataa kukifuta kifungu kile.