Baridi ya Kipupwe na Daftari la Karani



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, upepo wa kusi ukisha kushika, watu wa Nyanda za Juu za Kusini hutoa makoti na mablanketi yao sandukuni. Kutoka Iringa na Mufindi, kupita Makambako na Njombe, hata Makete, Mbeya na Tukuyu, asubuhi huwa na umande wa kutia ganzi vidole, na karani afikapo ofisini husugua mikono kwanza ndipo ashike kalamu. Siku hizo swali lililo vinywani mwa watu ni moja: Leo baridi imefika nyuzi ngapi? Twaona yafaa tuliangalie swali hili katika ukurasa huu, maana mwenye kulijibu mara nyingi ni mmoja wetu.

Kwanza yatupasa kufahamu ya kuwa nchi ile haina baridi moja. Ufuko wa Ziwa Nyasa huko Kyela ni kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbeya ni kama mita 1,700. Na uwanda wa Kitulo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ni kama mita 2,600. Kwa kawaida hewa hupungua joto kiasi cha nyuzi 6 na nusu za sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, mvuvi wa Matema na mchunga ng'ombe wa Kitulo, wakiamka saa ile ile, huenda wakapishana nyuzi 13 au 14, ingawa milima ya mmoja huonekana na mwenzake. Mmoja avua shati avute wavu. Mwingine akanyaga majani yaliyokuwa meupe kwa jalidi.

Tena hesabu hiyo yenyewe haitoshi. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hutoa joto lake likapotea juu angani, na hewa iliyo karibu nayo hupoa ikawa nzito, ikateremka bondeni polepole kama maji. Kwa hiyo shamba la bonde laweza kupigwa na jalidi, na la jirani lililo juu kidogo kwenye mteremko likasalimika. Kadhalika kipimajoto hukaa ndani ya kisanduku cheupe, kimo cha kifua cha mtu, nayo majani yapo chini. Chaweza kuonyesha nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri hali viazi vimekwisha ungua. Jua likichomoza, majani huwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na mwenye shamba amepoteza kazi ya miezi mitatu kwa usiku mmoja.

Basi mtu asiyejua mambo haya huona tarakimu moja iliyoandikwa mjini akadhani ndiyo baridi ya watu wote. Sivyo. Tarakimu ile ni ushahidi wa mahali pamoja, na ushahidi haufai ila ukiwa wa kweli. Hapo ndipo twafika kwenye jambo lenyewe.

Kipimajoto cha baridi ya usiku kina spiriti ndani yake, na kijiti chembamba ambacho spiriti hukivuta kurudi nyuma kadiri baridi inavyozidi. Joto likipanda, spiriti hupita, kijiti hubaki pale pale kikituonyesha mwisho wa baridi ya usiku ule. Karani husoma saa tatu asubuhi, jicho lake likiwa sawasawa na kimo cha kijiti, asikipulizie pumzi wala kukishika kwa kiganja. Kisha hukiinamisha chombo ili kijiti kirudi mahali pake. Akisahau kukirudisha, na usiku wa pili usiwe na baridi kama wa kwanza, kesho yake atasoma baridi ya jana akiiandika kuwa ya leo. Kosa ni la nukta moja ya uvivu, lakini daftari limekwisha kudanganya.

Mwandishi wa maneno haya alipata kuliona daftari moja, la kituo ambacho hatutakitaja, ambalo mwezi mzima uliandikwa kwa wino mmoja na mkono mmoja usiotetemeka. Tarakimu zilipanda na kushuka kwa adabu, wala hapakuwa na siku iliyoachwa. Aliyeandika alijaza mistari yote 31, naye alisahau kwamba mwezi ule ulikuwa Juni.

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Maana kama mstari wa 31 ulikuwa wa uongo, ni nani atakayetuambia upi katika ile 30 ni wa kweli? Mwezi ule umepotea. Bwana Shamba aulizwapo ni majuma gani ya kuogopa kwa miche ya chai, mwezi ule hautamsaidia. Wazee wasemapo kwamba kipupwe cha zamani kilikuwa kikali kuliko cha sasa, na vijana wakabisha, hakuna atakayewaamua ila madaftari. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1929. Tangu hapo yamepita makarani wengi ambao majina yao hayakumbukwi, lakini tarakimu zao zingali zikisomwa. Hata leo, ambapo vituo vingine hujipimia vyenyewe, chombo huharibika, na lazima awepo mtu mwaminifu wa kukikagua.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari la uongo hupoteza mali na habari pamoja. Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo matatu. Kwanza, saa ya kusoma iwe saa ya kusoma, hata nyasi zikiwa na barafu. Pili, siku iliyokosa kusomwa iachwe tupu, na sababu yake iandikwe pembeni. Nafasi tupu yaweza kumletea karani karipio la siku moja, lakini haimdanganyi mtu. Tatu, mkulima akija dirishani kuuliza baridi ya leo, asifukuzwe. Ajibiwe kwa heshima, na aelezwe kwamba bondeni kwake huenda ikawa kali kuliko iliyoandikwa.

Kazi hii haina sifa, na asubuhi za Julai ni chungu. Lakini mwenye viazi hana mwingine wa kumtegemea.

Mhariri