Tupime Hoja Kabla ya Kumhukumu Mtu



 

Wanafunzi wapenzi, na nyinyi wazazi mnaosomewa jarida hili nyumbani, safari hii tunaandika juu ya elimu ambayo wengi wenu mmeisikia jina tu: mantiki. Tunalo ombi kuhusu elimu hiyo. Lakini kabla ya ombi tuanze na kosa letu wenyewe, kwani ndilo lililotufanya tuiandike makala hii.

Miaka kadhaa nyuma, katika chuo tulichokuwa tukifundisha wakati huo, zilipotea pesa za futari walizochanga wazazi. Siku ya tatu yake kijana mmoja wa miaka 12 alikuja amevaa ndara mpya, na kwao hali yao ilikuwa inajulikana. Tukakaa walimu watatu, tukasema: aliyechukua pesa ataonekana na kitu kipya, huyu ameonekana na kitu kipya, basi ni yeye. Hapana hata mmoja wetu aliyeona kasoro katika maneno hayo. Tukamwita mbele ya wenzake. Alilia na kuapa, na huko kuapa kwake nako tukakuhesabu kuwa ni ushahidi. Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata.

Baada ya wiki mbili pesa zilionekana ndani ya daftari la mahudhurio, ambamo mmoja wetu alizitia akasahau. Ndara kumbe alinunuliwa na mjomba wake. Tulikwenda kwao kuomba radhi. Baba yake alitukaribisha kahawa, akasema, "Yamekwisha, maalim." Mtoto mwenyewe hakutoka chumbani.

Sasa tuitazame ile hoja yetu kama tunavyoitazama hesabu iliyokosewa. Ilikuwa na kauli mbili zilizotangulia, na natija moja. Kauli ya kwanza ni ya sharti: ikiwa amechukua pesa, basi atakuwa na kitu kipya. Wanamantiki huiita sehemu ya "ikiwa" muqaddam, na sehemu ya "basi" huiita tali. Sisi tulithibitisha tali, tukadhani tumethibitisha muqaddam.

Chukueni kalamu mwandike hali zote zinazowezekana. Ziko 4 tu. Ya kwanza: amechukua, na ana ndara mpya. Ya pili: amechukua, na hana. Ya tatu: hakuchukua, na ana. Ya nne: hakuchukua, na hana. Kauli yetu ya sharti inaiondoa hali ya pili peke yake. Kauli kwamba ana ndara mpya inaziondoa ya pili na ya nne. Zimebaki ya kwanza na ya tatu. Je, katika zote mbili natija yetu ni kweli? Hapana. Katika hali ya tatu kauli zetu zote mbili ni kweli na natija ni uongo. Ikipatikana hali moja tu ya namna hiyo, hoja ni batili, hata iwe imesemwa na mwalimu mwenye kilemba. Na katika hiyo hali ya tatu ndimo alimokuwa amesimama yule mtoto.

Hicho ndicho kipimo chote. Huitwa jedwali la ukweli, na kwa umbo lake la leo lilionekana katika maandishi ya Emil Post na Ludwig Wittgenstein yaliyochapishwa mwaka 1921. Kauli mbili zina hali 4, kauli tatu zina hali 8, kauli nne hali 16, kila kauli ikiongezeka hali zinazidi maradufu. Kinachotakiwa ni subira na daftari la mistari.

Mahali ambapo wanafunzi hututolea macho ni pale tunapowaambia kuwa kauli ya sharti ni uongo katika hali moja tu, yaani muqaddam ikiwa kweli na tali ikiwa uongo. Huuliza: je, na muqaddam ikiwa uongo? Basi fikirini mwalimu amesema, "Mvua ikinyesha kesho, hakuna darasa." Kesho hakukunyesha, na darasa halikuwapo kwa sababu mwalimu anaumwa. Amesema uongo? Hakusema. Angekuwa mwongo iwapo mvua ingenyesha na yeye akapiga kengele ya darasa.

La kusikitisha ni kwamba kosa hili mnalijua tayari, ila mnalijua ndani ya fiqhi tu. Muulizeni mtoto yeyote aliyesoma Safina: swala ikiwa sahihi, basi mwenye kuswali ana twahara, fulani ana twahara, je, swala yake ni sahihi? Atacheka. Atawaambia huenda ameswali kabla ya wakati, au hakuelekea kibla. Anajua kwamba sharti lisipokuwepo, jambo halipo. Lakini kuwepo kwa sharti hakulazimishi jambo kuwepo. Tena mwulizeni: mwenye kula kwa makusudi mchana wa Ramadhani saumu yake imebatilika, fulani hakula, je, saumu yake imesalimika? Atajibu upesi kwamba huenda amekunywa. Basi mbona mtoto huyuhuyu, na sisi tuliomfundisha, tukitoka nje ya mlango wa chuo tunahukumu watu kwa hoja ambazo tungezikataa katika mlango wa udhu?

Njia zilizo sahihi katika sharti ni mbili. Kuthibitisha muqaddam ili ithibiti tali, na kukanusha tali ili ikanushike muqaddam. Hii ya pili imo katika Qur'an tukufu, Sura ya Al-Anbiyaa aya ya 22, ambayo hoja yake ni kwamba mbingu na ardhi zingeharibika lau wangekuwamo miungu wengine. Hazikuharibika, basi hawamo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), aliitumia aya hiyo katika kitabu chake Al-Qistas al-Mustaqim, akaifanya kuwa moja ya mizani za kupimia maneno.

Hapa tutahadhari kidogo, maana kuna mtego. Hoja kuwa sahihi kwa umbo lake si sawa na kuwa ya kweli. Wengi mmepata katika simu ule ujumbe: ukimpenda Mtume utawatumia watu 10 maneno haya. Hukutuma, basi humpendi. Ipimeni kwa jedwali. Umbo lake halina kasoro, ni kukanusha tali. Uongo uko katika kauli ya kwanza, ambayo aliyeitunga hana dalili nayo. Kwa hiyo maswali ni mawili, na kila moja liulizwe peke yake: je, natija inafuata? Na je, kauli zilizotangulia ni kweli? Sisi siku ile tulianguka katika yote mawili, kwani nani alituambia kwamba kila mwizi hununua ndara?

Tunajua kuna wazazi hawapendi kusikia neno mantiki. Mmoja alitukumbusha kwa adabu kwamba Imam Nawawi na Ibn Salah walikataza kujishughulisha nayo, na sisi watu wa madhehebu ya Shafi hatuwezi kulipita jina la Nawawi hivi hivi. Ni kweli, na Al-Akhdari mwenyewe ameyataja hayo ndani ya Sullam, nadhumu yake ya mantiki. Lakini ametaja pia kauli za waliosema inafaa, na aliyoiona mashuhuri ni kuruhusiwa kwa mwenye akili timamu aliyekwisha kuijua Sunna na Kitabu. Wasomi walioisherehesha wakabainisha kuwa khitilafu ni juu ya mantiki iliyochanganyika na falsafa. Jedwali la hali 4 halina falsafa ndani yake, kama vile hesabu ya mirathi isivyokuwa na falsafa. (Na nyinyi vijana mnaosema vitabu ni kazi ya wazee, jueni kwamba Al-Akhdari alikuwa na miaka 21 alipoitunga Sullam, mwaka 941 Hijria.)

Ombi letu basi ni dogo. Wanafunzi waliokwisha maliza Safina wapewe saa moja kwa wiki, Alhamisi baada ya Alasiri, kwa muhula mmoja. Hatutaanza na Sullam. Tutaanza na maneno yanayosemwa barazani, sokoni na kwenye simu, kila mtoto alete hoja moja aliyoisikia wiki hiyo, tuichore jedwali ubaoni. Wazazi wanaotaka kukaa nyuma wasikilize wanakaribishwa, na atakayeona tumevuka mpaka atuambie palepale.

Hoja ya kwanza kuchorwa itakuwa ile yetu ya ndara. Jina la kijana hatutalitaja, ya walimu tutayataja.

Wabillahi tawfiq.