Kabla ya kumdharau mama wa kibanda, sikia ya Lyon

Jumamosi jioni. Umevaa ukapendeza, uko na mbogi yako katika hoteli moja ya ghorofa ya juu kule Westlands. Weita anakuwekea sahani pana kama sinia, na katikati yake chakula cha kumtosha mtoto wa chekechea. Kabla hujaonja, simu iko juu. Picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chakula kinapoa, lakini si neno, mradi Instagram ijue.

Jumatatu mchana uko kibandaski karibu na kazini. Chapati mbili na madondo, moto, zimeshikana vizuri na supu yake. Leo simu imekaa mfukoni. Tena unaangalia kushoto na kulia, usije ukaonekana na mtu wa ofisini.

Hatukulaumu. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba chakula cha maana ni kile chenye jina la Kifaransa. Basi leo twende huko huko Ufaransa, katika mji ambao Wafaransa wenyewe huuita mji mkuu wa mapishi, tuone hayo majina yalitoka jikoni kwa nani.

Mji wenyewe ni Lyon, kusini mashariki mwa nchi, pale mito miwili inapokutana. Rhône unashuka kwa kasi kutoka milima ya Alps, na Saône unakuja polepole kutoka kaskazini. Waroma waliuanzisha mwaka wa 43 Kabla ya Kristo juu ya kilima cha Fourvière. Ukumbi wao wa wazi ungali pale, na kila kiangazi watu huketi juu ya mawe yake kutazama muziki na maigizo. Chini ya kilima, kando ya Saône, kuna Vieux Lyon, mji mkongwe wenye nyumba ndefu zilizobanana na vichochoro vya mawe. UNESCO iliingiza sehemu hizo za kale katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1998.

Raha ya kutembea huko ni milango. Unasukuma mlango unaodhani ni wa nyumba ya mtu, unapita ujia wenye giza, unaingia ua wenye ngazi za kuzunguka, halafu unashtukia umetokea mtaa wa pili. Njia hizo huitwa traboules. Wafumaji wa hariri walizitumia kubeba vitambaa bila kunyeshewa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, waliokuwa wakipinga utawala wa Wanazi walizitumia kupotea machoni pa askari.

Hao wafumaji, walioitwa canuts, ndio mwanzo wa hadithi yetu ya chakula. Walifanya kazi saa nyingi mno kwa malipo duni, hadi wakaasi mwaka wa 1831 na tena 1834 wakidai bei ya haki kwa kazi yao. Jeshi liliwazima. Mezani kwao hapakuwa na nyama ya paja. Walikula kile ambacho tajiri hakukitaka: vichwa, miguu, matumbo.

Sasa ingia leo katika mkahawa wa kienyeji wa Lyon, ule unaoitwa bouchon, wenye meza zilizosongamana na vitambaa vya mirabaraba. Soma menyu. Utakuta tablier de sapeur. Jina linatisha, sivyo? Ni matumbo. Yale yale, ila yamepakwa yai na unga wa mkate, yakakaangwa. Utakuta cervelle de canut, maana yake ubongo wa mfumaji. Usiogope, ni jibini laini iliyochanganywa na vitunguu na majani ya kunukia, na jina lenyewe ni la kumcheka maskini. Utakuta pia quenelle, samaki wa mtoni aliyepondwa akachanganywa na unga, mayai na siagi, akapikwa kwa mchuzi mzito. Watu hupanda ndege kwenda kula vitu hivi.

Nani aliyevitoa vyakula hivyo katika vyumba vya wafumaji akavifikisha kwa mabwana wenye pesa? Ni wanawake. Lyon inawaita les mères, yaani akina mama. Wengi wao walikuwa wapishi wa kuajiriwa katika nyumba za matajiri. Nyakati zilipobadilika, hasa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, familia nyingi hazikumudu tena kuwalipa wapishi. Wanawake hao hawakukaa kulia. Wakafungua vijimkahawa vyao wenyewe, vyenye vyakula vichache wanavyovijua barabara, wakavipika hivyo hivyo kila siku.

Mmoja wao aliitwa Eugénie Brazier. Alizaliwa mwaka wa 1895 katika familia ya wakulima. Utotoni alichunga nguruwe na ng'ombe, shule akaigusa kidogo tu, na mamake akafariki yeye akiwa na miaka 10. Alipofika 19 akapata mtoto bila mume, na babake akamfukuza nyumbani. Akaja Lyon kuwa mtumishi wa nyumbani. Huko akaanza kupika, kisha akaenda kufanya kazi kwa Mère Fillioux, mama aliyekuwa na jina kubwa kwa kuku aliyewekewa vipande vya uyoga mweusi wa thamani chini ya ngozi.

Mwaka wa 1921 Brazier alifungua mkahawa wake mdogo katika mtaa wa Rue Royale. Baadaye akafungua wa pili nje ya mji, mlimani Col de la Luère. Huo wa pili ulikuwa nyumba ya mbao. Alipoanza pale hapakuwa na umeme, gesi wala maji ya mfereji.

Sasa shika hapo. Mwaka wa 1933, kitabu cha Michelin, kile kinachohofiwa na kila mpishi Ulaya, kiliipa mikahawa yake yote miwili nyota 3, kiwango cha juu kabisa. Yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kuwa na nyota 6 kwa wakati mmoja. Ilichukua hadi 1998 kabla ya mwingine, Alain Ducasse, kufikia hapo. Msichana aliyefukuzwa kwao, kibanda cha mbao, nyota 3.

Huenda umewahi kusikia jina la Paul Bocuse, mpishi aliyeheshimika Ufaransa kama mchezaji wa timu ya taifa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Bocuse akiwa kijana alikwenda kujifunza kwa huyo huyo Brazier kule mlimani. Mbali na kupika, alikamua ng'ombe na kufua nguo. Mkahawa wa Bocuse, kando ya mto Saône, ulipata nyota 3 mwaka wa 1965 ukazishikilia hadi 2020, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Leo soko kuu la vyakula la Lyon lina jina lake.

Najua utauliza: hiyo ni Ulaya, bana, inatuhusu nini? Swali zuri. Tusidanganyane kwamba bidii peke yake ilitosha. Kulikuwa na pesa za biashara ya hariri. Mji ulikaa kwenye barabara ya kutoka Paris kwenda bahari ya Mediterania, na wenye magari walisimama hapo kula. Mashamba ya karibu yalitoa chakula bora. Mfano ni kuku wa Bresse, mwenye manyoya meupe, miguu ya bluu na kilemba chekundu. Tangu 1957 jina lake linalindwa na sheria, na lazima kila kuku apate angalau mita 10 za mraba za nyasi. Huku kwetu neno "kienyeji" linalindwa na nani? Na muuzaji, akikuangalia usoni.

Lakini pesa, barabara na kuku havikutosha. Kulihitajika kitu cha nne, nacho hakigharimu doo nyingi: watu walikubali kwamba mama anayepika matumbo ni fundi. Walimlipa kama fundi. Waliandika habari zake. Walipeleka vijana kwake wakajifunze. Hapo ndipo sisi tunapofeli.

Kwetu, kijana akisema anataka kusomea upishi, mjomba anauliza kama alifeli mtihani. Mama aliyelisha mjengo mzima kwa miaka 15 haitwi mpishi, anaitwa "mathe wa chakula". Mutura inachomwa gizani na kuliwa gizani, wakati ndugu yake wa Lyon, soseji ya utumbo iitwayo andouillette, inaletwa mezani na haradali pembeni. Na ikifika siku ya "kusafisha mji", kitu cha kwanza kubomolewa ni kibanda, sufuria zikiwa bado motoni.

Hatusemi kila kibanda kiachwe tu kando ya mtaro wa majitaka. Brazier alisifika kwa ukali wake kuhusu usafi, na mteja ana haki ya kula bila kuugua. Ila usafi hauletwi na tingatinga. Unaletwa na maji ya mfereji, choo, mahali pa kutupa taka, na leseni ambayo mama anaweza kuilipia bila kukopa. Serikali za kaunti zinazoagiza usafi zianze kwa kuleta hivyo. Na vyuo vinavyofunza upishi viwapeleke wanafunzi wakakae wiki chache na akina mama wanaojua kupika githeri ikaliwa na watu 200 kabla ya saa nane mchana. Kuna elimu pale ambayo haimo kwenye vitabu vyao.

Wewe nawe una sehemu yako. Endelea kwenda Westlands ukiwa na chapaa, hakuna dhambi. Siku moja ukijaliwa kufika Lyon, vuka daraja la Saône jioni taa zikiwaka, ingia bouchon, uagize matumbo, ufurahie. Lakini Jumatatu hii, ukimaliza chapati na madondo, fanya jambo dogo. Lipa pesa yote bila kuomba upunguziwe shilingi kumi. Piga picha ile sahani ya plastiki, uiweke pale pale ulipoweka ya Jumamosi. Halafu muulize mama jina lake kamili, uliandike chini ya picha akikubali. Brazier alijulikana kwa sababu watu walitaja jina lake.