Sauti Iliyomo Sandukuni

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay kutia sauti yake katika santuri. Upande mmoja ulicheza dakika tatu hivi, kisha gramafoni ikatiwa ufunguo tena. Ikaja redio, na tangu 1963 zikaja kaseti, ambazo kwazo hata sisi watu wa Mazinde tuliweza kunasa sauti zetu wenyewe. Leo nyimbo za dunia zimo simuni. Lakini bibi yako akiimba Kishambaa hamo humo. Yumo katika kanda ile ya sandukuni. Itafute, izungushe kwa kalamu, icheze, simu iirekodi kandokando. Usikawie: ya babu yangu ilikatika kabla sijafanya hivyo.