Kodi ya Miezi Sita, Mshahara wa Mwezi Mmoja

Jamani, hivi nani alitudanganya kwamba mtu anayelipwa mwisho wa mwezi anaweza kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo? Hapa Dar es Salaam tumelizoea jambo hili mpaka tunadhani ni sheria. Si sheria. Ni mazoea, na yanatumaliza.

Tupige hesabu. Chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita: 600,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja: 100,000. Hapo hujakodi kirikuu cha kubeba godoro lako. Kijana aliyeanza kazi juzi azitoe wapi 700,000? Atakopa, au ataendelea kukaa kwa shemeji huku akihesabiwa vijiko vya sukari.

Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, na mabaraza yaliyoweza kupanga kiwango. Ikafutwa 2005. Tangu hapo tumeambiwa mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane wenyewe. Makubaliano gani hayo, mmoja ameshika funguo na mwingine ana mizigo barabarani?

Halafu 2021 ikaja kodi ya majengo kukatwa kwenye LUKU. Jengo ni la mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Ana haki ya kurudishiwa, sawa. Ila wangapi wana ubavu wa kwenda kumdai baba mwenye nyumba shilingi elfu moja na kitu kila mwezi?

Nawaelewa wenye nyumba. Wengi hawakupata mkopo wa benki, wamejenga tofali kwa tofali, na kodi hiyo ya mkupuo ndiyo inayopaua banda la uani. Wanaogopa pia mpangaji sugu, maana kesi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba si ya siku mbili. Lakini hofu hiyo dawa yake ni mkataba wa maandishi na dhamana ya mwezi mmoja, siyo kumkamua mtu nusu mwaka.

Kinachonikera zaidi ni siasa zetu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, mtaani kwangu nilisikia ahadi za mitaro, taa na barabara. Ya kodi za nyumba sikusikia hata moja. Sababu naiona: mwenye nyumba anajulikana kwa mwenyekiti, yupo miaka yote. Mpangaji ni mpita njia, mwakani yuko Mbagala au Kimara. Nani ahangaike na kura inayohama?

Basi tuache kuwa wapita njia. Twende kwenye mikutano ya mtaa, tujiandikishe tunapoishi, na mbunge akija tumuulize swali moja: lini sheria itasema mwisho ni miezi mitatu?

Wadau mnasemaje? Na wenye nyumba mnaosoma hapa, karibuni mnijibu.