Kibarua cha wikiendi na tumbili wa maabara: hatari anabeba nani?

Haya wadau, leo siasa za majukwaani naziweka pembeni. Nataka tuongelee kibarua ambacho wengi wetu hata hatujui kama kipo. Kule Marekani kuna wanafunzi wa udaktari wa wanyama wanaolipwa kwa saa kuangalia afya za tumbili wa maabara, yaani wale wanaofanyiwa majaribio ya chanjo na dawa.

Kwa nini niseme sasa hivi? Kwa sababu sekta yenyewe inatikisika. Aprili 2025 FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilitangaza mpango wa kupunguza hatua kwa hatua majaribio ya wanyama, ikianza na zile dawa za kingamwili. Novemba 2025 zikatoka habari kwamba CDC kule Atlanta inafunga utafiti wake wa tumbili. Kila mtu anauliza tumbili watapelekwa wapi. Swali zuri. Ila vijana wanaowahudumia sijaona mtu anawaulizia.

Kwanza tuelewe kazi. Sheria ya Marekani ya ustawi wa wanyama ni ya 1966, na ilipofanyiwa marekebisho 1985 ikataka hata afya ya akili ya tumbili ishughulikiwe. Daktari wa wanyama lazima awepo, siyo hiari. Sasa tumbili hajui Jumapili. Anaharisha Jumapili, anapigana Jumapili, anang'atwa kidole Jumapili. Hapo ndipo mwanafunzi anapoingia. Kituo kama cha Davis, California, kiko chini ya chuo kikuu chenye shule yake ya udaktari wa wanyama, kwa hiyo vijana wapo karibu.

Anapita chumba kwa chumba. Nani hajala? Nani kajikunyata pembeni? Kinyesi kikoje? Akiona tatizo anamwita daktari mwenye leseni, maana yeye bado hana ruhusa ya kutibu peke yake. Tumbili mkubwa humshiki hivi hivi, ana meno kama kisu, kwa hiyo anachomwa ketamini kwanza, alegee, ndipo apimwe. Kipimo cha kifua kikuu ndicho kilichonishangaza: sindano ndogo kabisa inachomwa kwenye kope la juu, halafu linaangaliwa baada ya saa 24, 48 na 72. Kwa nini kope? Kwa sababu likivimba unaliona ukiwa nje ya kizimba, huna haja ya kumkamata tena. Akili hiyo! Na kifua kikuu chenyewe mara nyingi tumbili anakipata kwa binadamu, ndiyo maana wafanyakazi nao wanapimwa.

Shule yao ni miaka minne, na kwa kawaida unaisoma baada ya digrii ya kwanza. Wengi wanamaliza na deni linalozidi dola 100,000. Wale mnaosubiri bumu pale chuoni mnaelewa mtu mwenye deni anavyochagua kazi. Hachagui.

Sasa tuje kwenye kasheshe. Tumbili wengi wa maabara ni rhesus, wa kutoka Asia, na ndugu zao. Hao hubeba kirusi kinachoitwa herpesi B. Kwao ni kama vidonda vya mdomo tu, mara nyingi hata hawaonyeshi dalili. Kikiingia kwa binadamu kinapanda kwenye ubongo, na bila dawa mapema wengi hufa. Ni nadra sana, tangu 1932 waliothibitika ni watu kadhaa tu, makumi siyo mamia. Lakini waangalie waliokufa. Elizabeth Griffin alikuwa na miaka 22, msaidizi wa utafiti katika kituo cha Yerkes, Atlanta. Oktoba 1997 alikuwa anasaidia kumhamisha tumbili, uchafu ukamrukia jichoni. Hakung'atwa, hakukwaruzwa. Miwani ya kujikinga hakuvaa, kwa sababu kwa kazi ile wakati huo haikuwa lazima. Desemba alifariki. Na msidhani ni mambo ya zamani: 2021 daktari wa wanyama wa Beijing, miaka 53, alipasua tumbili wawili waliokufa mwezi Machi, na Mei akafa kwa kirusi hicho hicho.

Huyo wa pili alikuwa mzoefu. Sasa fikiria deiwaka.

Hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo. Mtu wa muda anakuja saa ambazo wakubwa hawapo. Kinga ipo na wala siyo ya ajabu: miwani, barakoa, glovu, na jicho likirukiwa unaliosha kwa maji dakika 15 mfululizo palepale, kisha hospitali, na unamwambia daktari bila kuzunguka kwamba unafanya kazi na tumbili. Hilo la mwisho ndilo naliona la hatari zaidi, kwa sababu kijana anayelipwa kwa saa anaogopa kuripoti. Ataonekana mzembe, zamu zitapunguzwa. Anajiosha haraka, anakausha uso, anaendelea. Kwa hiyo kabla hujauliza wanalipa dola ngapi, uliza nani anapokea simu saa nane usiku, na bili ya hospitali analipa nani.

Novemba 2024 mnakumbuka tumbili 43 walivyotoroka kule Yemassee, South Carolina? Mlango haukufungwa vizuri na mhudumu. Mitandaoni watu walicheka mpaka basi. Mimi nilijiuliza, mlango wa tumbili 43 unategemeaje mkono wa mtu mmoja?

Najua mdau mmoja atasema, basi maabara zifungwe, kazi iishe. Tumbili wa rhesus anaweza kuishi zaidi ya miaka 25 akitunzwa. Ukifunga leo, mtu bado anatakiwa kumtibu kesho. Mwaka 2015 serikali ya Marekani iliacha kugharamia utafiti wa tiba kwa sokwe, wapelekwe makazi ya kustaafu. 2019 wakaonekana 44 waliobaki Alamogordo, New Mexico, ni wagonjwa mno hata kusafirishwa. Wazee hao wana moyo, wana figo, wana kisukari. Naona mwanafunzi atahitajika zaidi, na pengine kwa bajeti ndogo zaidi, na hapo ndipo glovu zinapoanza kuhesabiwa.

Na sisi tumo. Karen, Nairobi, kuna taasisi ya utafiti wa nyani na tumbili iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960, na shule ya udaktari wa wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, siyo mbali. Huku kwetu kuna SUA, Morogoro. Nyani wetu kiasili hawana herpesi B, hicho ni cha wale wa Asia. Lakini kifua kikuu wanaweza kukipata kwetu na kuturudishia, na nyani aking'ata amekung'ata kweli. Mwanafunzi wa Kabete au SUA akiitwa kusaidia kazi ya nyani wikiendi, aombe kwanza kipimo chake cha kifua kikuu, miwani yake, na namba ya simu ya mtu atakayekuja.